Daftari la mahudhurio si ridhaa ya wakazi: malalamiko yangu kuhusu vibali vya ujenzi Mji Mkongwe

Ndugu wanajukwaa,

Assalaam alaykum, na heshima zangu kwenu nyote. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni mkazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kinachonikera ni utaratibu uliozoeleka kila inapotakiwa kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadili matumizi ya nyumba ya kale: uamuzi unapita kwanza, kisha sisi tunaoishi ukuta kwa ukuta na nyumba hiyo tunaitwa "kushirikishwa", na majina tuliyoandika kwenye daftari la mahudhurio yanageuka kuwa ushahidi kwamba tulikubali.

Mkutano wa karibuni tulioitwa ulihusu nyumba kubwa ya zamani mtaani kwetu ambayo mwekezaji anataka kuigeuza hoteli na kuipandisha ghorofa. Taarifa ilitufikia kwa mdomo, jioni ya kuamkia mkutano wenyewe, na saa iliyopangwa ilikuwa saa nne asubuhi ya siku ya kazi, wakati wavuvi wako pwani, wafanyabiashara wako Darajani na walimu wako madarasani. Tuliofika tulikuwa wazee, akina mama wachache na vijana wasiokuwa na ajira. Mlangoni tuliandika jina, namba ya simu na saini kabla hatujajua tunasaini nini, tukapewa maji na soda, kisha washauri elekezi wakatuonyesha michoro ukutani kwa projekta. Maelezo yote ya michoro ile yalikuwa kwa Kiingereza. Hapakuwa na nakala hata moja ya karatasi ambayo mtu angeweza kwenda nayo nyumbani akaisome kwa utulivu, au akamwonyeshe fundi anayemwamini.

Bi mkubwa mmoja, ambaye amezaa na kulea watoto wake wote katika nyumba inayopakana na hiyo, alinyanyua mkono akauliza, "Wanangu, mmekuja kutuuliza au mmekuja kutuambia?" Jibu alilopewa ni kwamba maoni yake yamepokelewa. Hakuna aliyeyaandika. Nilikuwa nimekaa karibu na meza yao, na kalamu ya kijana aliyepewa kazi ya kuandika kumbukumbu ilikuwa imelala juu ya karatasi tangu watu walipoanza kusema. Baadaye tukasikia kwamba katika ripoti ya mradi tumetajwa kuwa jamii "iliyoshirikishwa kikamilifu", na idadi yetu imechukuliwa kutoka kwenye daftari lile la mlangoni.

Wako watakaosema kwamba nyumba ni ya mwenyewe, naye ana haki ya kuifanyia atakalo. Kwa Mji Mkongwe hoja hiyo haisimami, na sababu yake ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya kihisia. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua tangu zamani upana wa vyumba vyetu. Hakuna nguzo za zege wala nondo ndani ya kuta hizo. Ukuta wenyewe ndio unaobeba kila kitu, na mara nyingi ukuta huo ni wa pamoja baina ya nyumba mbili. Jirani akimwaga zege juu ya paa lake na kupandisha matangi ya maji ya hoteli, uzito ule hauishii kwake, unateremka kwenye ukuta ambao upande wa pili wake ndiko kilipo kitanda cha mwanangu.

Saruji nayo ina balaa yake. Chokaa huacha ukuta upumue, yaani unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata njia ya kutokea nje. Ukuta huo huo ukipigwa plasta ya saruji, maji hunaswa ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya plasta na kuibenua vipande vipande, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza polepole mahali ambapo hakuna jicho linaloziona. Kwa nje nyumba inang'aa kwa rangi mpya. Ukigonga dari kwa kidole karibu na ukuta ndipo unaposikia kwamba mti umebaki ganda. Fundi yeyote wa chokaa atakwambia haya bure, na mafundi hao bado wapo ingawa wanazidi kupungua, lakini sijawahi kuwaona wamekalishwa meza ya mbele katika mikutano hii.

Linalonichoma zaidi ni kwamba hatukosi sheria. Mamlaka ya kusimamia Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Mwaka 1994 ukakamilishwa mpango wa uhifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, ambapo watu walipita mtaa kwa mtaa wakiorodhesha nyumba, milango ya kuchonga, roshani na baraza, na kupanga nini kinaruhusiwa wapi. Mwaka huo huo tukapata sheria ya uhifadhi, nyingine ikafuata mwaka 2010, na katikati yake, mwaka 2000, UNESCO ikauandika mji wetu katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lililoorodheshwa ni hekta 96 tu, ambazo mtu mzima anazizunguka kwa miguu asubuhi moja akarudi nyumbani kunywa chai. Mji mdogo hivi, wenye mpango unaoeleza nyumba zake moja moja, ungepaswa kuwa mwepesi kuliko yote kusimamiwa kwa uwazi. Lakini nendeni mkamwulize mkazi wa Malindi, Kiponda au Shangani kama amewahi kuuona mpango huo kwa macho yake, au kama anajua nyumba anayolala imewekwa daraja gani. Haujabandikwa kwenye afisi ya sheha wetu, kiongozi wa Serikali mtaani. Mtu hawezi kutetea kanuni ambayo hajawahi kuoneshwa.

Matokeo ya kufanya mambo kwa namna hii tumekwisha yaona. Mambo Msiige, nyumba ya karne ya 19 pale Shangani iliyowahi kuwa makao ya ubalozi mdogo wa Uingereza, ilitolewa kwa ajili ya hoteli. UNESCO ilileta wataalamu wake, ikaeleza wasiwasi kuhusu mradi huo na kuhusu jengo jipya lililosimamishwa kando ya nyumba ya asili, barua zikaenda na kurudi, na mwaka 2015 hoteli ikafunguliwa. Sipingi hoteli kwa kuwa ni hoteli. Ninachopinga ni mji mzima kujadiliwa kwa miaka kadhaa baina ya Serikali, mwekezaji na Paris, makao makuu ya UNESCO, huku wenye kupita pale kila jioni wakiwa watazamaji.

Kisha kuna Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la pale Forodhani, na hapa naomba niseme kwa uangalifu kwa sababu watu walikufa. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883. Ilistahimili mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896 iliyoangusha mnara wa taa uliokuwa mbele yake, ikaja kuwa makumbusho yetu, na mwaka 2012 ikafungwa kwa umma kutokana na ubovu. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati kwa fedha za Oman ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ikaporomoka na kuua watu wawili. Sidai kwamba mkutano wa wakazi ungeuzuia ukuta usianguke. Ninadai kwamba jengo la umma linapofungwa kwa sababu ni hatari, umma una haki ya kusoma, kwa Kiswahili, wahandisi wamekuta nini, kazi gani imepangwa, nani anaifanya na imefikia wapi, tena mwaka hadi mwaka. Siku ile tuliokuwa Forodhani tuliona vumbi, na wengi wetu hatukuwa tukijua hata kazi iliyokuwa ikiendelea ndani ilikuwa ya aina gani.

Najua pia upande wa pili wa jambo hili, na sitaki nionekane kama mtu anayependa mawe kuliko binadamu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa Serikali, familia kadhaa zikapangishwa katika nyumba moja, na nyingine zimo chini ya wakfu. Kodi ndogo wanayolipa wapangaji haiwezi kununua boriti wala kumlipa fundi wa chokaa. Mwenye nyumba inayovuja akijiwa na mwekezaji mwenye fedha taslimu, ni vigumu kumlaumu akikubali. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutaka sera inayofika hadi kwake, yenye mfuko wa matengenezo, ushauri wa fundi usio na malipo na kibali chepesi kwa anayerekebisha kwa chokaa. Kwa hali ilivyo sasa, anayetaka kuziba ufa wa ukuta wake huzungushwa kwa makaratasi, na anayetaka kuongeza ghorofa nzima hupangiwa mkutano wenye soda.

Wala siamini kwamba kura ya wengi pekee inaponya kila kitu. Wakazi wa Dresden, Ujerumani, waliulizwa kwa kura mwaka 2005 kama wanataka daraja jipya katika bonde la mto Elbe, wengi wakasema ndiyo, na mwaka 2009 bonde hilo likafutwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wanaweza kuamua hivyo, na uamuzi wao ukaheshimiwa. Tofauti ni kwamba wale waliulizwa kabla daraja halijajengwa.

Karibu zaidi na sisi, watu wa Lamu wametuonyesha kwamba ushirikishwaji unaweza kuwa na meno. Serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha toa leseni ya mazingira kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe karibu na mji ule, ambao nao ni Urithi wa Dunia tangu 2001. Wakazi wakaenda kwenye baraza la kitaifa la mashauri ya mazingira, na mwezi Juni 2019 baraza hilo likaifuta leseni, moja ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari. Kule Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala, kwa hiyo mikutano isiyo ya kweli iligeuka kuwa kasoro ya kisheria, na kasoro hiyo ikauzuia mradi wenye thamani ya mabilioni ya dola. Jirani zetu ni Waswahili kama sisi, nyumba zao ni za mawe ya matumbawe kama zetu. Sioni kwa nini sisi turidhike na kidogo kuliko wao.

Ninachokitaka hakihitaji fedha nyingi. Ombi lolote la kubomoa, kuongeza urefu au kubadili matumizi ya nyumba iliyomo kwenye mpango libandikwe kwenye ukuta wa nyumba yenyewe na kwa sheha, kwa Kiswahili, pamoja na michoro inayoonyesha nyumba ilivyo na itakavyokuwa, kwa siku zisizopungua 30 kabla uamuzi wowote haujafanywa. Majirani wanaopakana kwa ukuta wapelekewe barua mkononi. Mikutano iwe baada ya Alasiri au siku za mapumziko, kumbukumbu zake zisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na daftari la mahudhurio liandikwe juu yake, kwa herufi kubwa, kwamba saini hii ni ya kuhudhuria tu. Kila pingamizi lililoandikwa lijibiwe kwa maandishi, na jibu likiwa ni hapana, sababu itajwe. Kibali kikitoka, masharti yake yabandikwe pale pale ujenzi unapofanyika, ili mtoto wa skuli apitaye aweze kuhesabu ghorofa na kuona kama zimezidi.

Kwa suala la mtaani kwetu, majirani tumekwisha andika pingamizi la pamoja lenye saini zetu, safari hii tukijua tunachosaini, na tumeomba tupewe nakala ya ripoti iliyodai kwamba tulikubali. Hatujajibiwa. Naomba yeyote kati yenu aliyewahi kupata nakala ya ripoti ya namna hiyo atueleze aliiomba kwa njia gani na kwa kifungu kipi cha sheria. Wanasheria mliomo humu, tunahitaji kujua kama kibali kilichotolewa kwa kutegemea mkutano kama ule kinaweza kupingwa, na ndani ya muda gani. Na wale mnaoishi Mkunazini, Hurumzi, Vuga au Sokomuhogo ambao mmeitwa kwenye mikutano ya aina hii, andikeni hapa chini tarehe, saa mliyoitwa, lugha ya michoro na kama mliandikishwa kabla ya kuelezwa. Picha za nyumba zilivyokuwa kabla ya kazi kuanza ziwekeni pia, hasa zinazoonyesha idadi ya ghorofa, kwa sababu ndizo tutakazoulizwa kwanza tukifika mbele ya hakimu.