Elo au pointi za kujumlisha, ipi inafaa ligi ya Magic?

Wakuu habari, tuko kumi na wawili tunacheza Magic: The Gathering (ule mchezo wa kadi) kila Jumamosi, sasa tunataka tuwe na renki ya ligi. Mwenzetu mmoja anasema Elo kama kwenye chesi, yaani namba ya uwezo inayopanda ukishinda na kushuka ukifungwa, mwingine anataka pointi za kujumlisha tu, nani yuko sahihi?

Jibu la 1
Magic wenyewe wamepita huko kote. Zamani walitumia Elo, kila mtu anaanza na 1600, ukimfunga aliyekuzidi unavuna nyingi, ukifungwa na wa chini yako unaumia. Shida ikawa watu wakishafika juu wanaacha kucheza wasishuke, maana renki ndo ilikuwa inawapa mialiko ya mashindano makubwa! Mwaka 2011 wakaleta Planeswalker Points, pointi za kujumlisha, hizo zilikuwa hazishuki, ila ikawa anayesafiri sana na kucheza sana ndo anapaa hata kama si mkali kihivyo. Mi naona zote mbili zina kasoro lakini Elo inasema ukweli zaidi kuhusu uwezo wa mtu.

Jibu la 2
Jaribuni Glicko, mfumo wa renki unaofanana na Elo, wa Mark Glickman. Ukikaa bila kucheza mfumo unaongeza shaka juu ya namba yako, kwahiyo kuikalia renki hakulipi sana.

Muuliza swali
Asanteni sana. Hilo la kuikalia renki hata huku litatokea, nawajua hawa. Elo kwa renki, na asiyecheza mwezi mzima anatolewa kwenye jedwali mpaka arudi mezani.