Nimelipia kozi ya UCAT, nikafundishwa sehemu iliyofutwa, na sasa wanataka nitoe ushuhuda

Wakuu, nisomeni kabla hamjatoa pesa zenu. Jana nimepokea ujumbe wa tatu kutoka kwa kampuni iliyoniuzia kozi ya maandalizi ya mtihani wa kuingia udaktari. Wananipongeza. Wanasema nimepanda alama 650 "kwa msaada wa wakufunzi wetu mahiri", na wanaomba picha yangu pamoja na sentensi mbili tatu za kuweka kwenye tovuti yao. Niliusoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena. Hawa watu hawana haya hata kidogo.

Kwa wasioijua UCAT: ni mtihani wa kompyuta unaotakiwa na vyuo vingi vya udaktari Uingereza, na hata Australia na New Zealand wanautumia. Haukuulizi baiolojia wala kemia. Unapima kasi yako ya kusoma, mantiki, hesabu, na jinsi unavyoamua mambo ya kikazi. Sehemu ya kusoma ina maswali 44 kwa dakika 22. Gawanya mwenyewe: nusu dakika kwa swali, na humo humo kuna vifungu vya habari vya kupitia. Unaruhusiwa kuufanya mara moja tu kwa msimu, kati ya Julai na Septemba, na alama zake hazibebwi kwenda msimu unaofuata. Ukiharibu, tukutane mwakani. Hapo kwenye "mwakani" ndipo hawa jamaa walipojenga nyumba yao.

Mimi niliingia kwa mlango huo huo wa hofu. Aliyelipa ni mama mdogo, na ada ya kozi ilikuwa mara saba ya ada ya mtihani wenyewe. Aliniuliza swali moja tu kwenye simu: "Kwani mwanangu, huko wanafundisha nini ambacho hakipatikani bure?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Mbinu, mama." Neno hilo nililitoa kwenye tangazo lao. Lilikuwa limerudiwa kila aya.

Haya, mbinu zenyewe. Tangazo lilisema "kikundi kidogo". Darasa la kwanza nikaangalia pembeni ya skrini, tuko watu 183. Maikrofoni zetu zimefungwa, maswali yanaandikwa kwenye kisanduku ambacho hakuna anayekisoma. Mkufunzi ni kijana wa mwaka wa tatu wa udaktari, anasoma slaidi kama anayesoma taarifa ya habari. Simlaumu sana yeye, analipwa kwa saa na slaidi hakuziandaa yeye. Ila alipofika kwenye swali la hesabu la mwenye duka anayepunguza bei mara mbili mfululizo, nikashtuka. Swali lile nilikuwa nimelifanya wiki moja kabla kwenye tovuti rasmi ya UCAT, bure, pamoja na maelezo ya jibu. Walichobadilisha ni jina la mwenye duka. Tarakimu zile zile, hadi herufi ya jibu ile ile.

Nikajisemea labda bahati mbaya. Wiki ya pili tukapangiwa video tatu za sehemu ya maumbo, ile ya kutafuta kanuni iliyojificha kwenye visanduku vyenye pembetatu, nyota na mishale. Nikazitazama zote. Nikaandika kwenye daftari, nikachora na mishale yenyewe kwa kalamu ya rangi, jioni mbili nzima. Wakuu, sehemu hiyo HAIPO. Imeondolewa kwenye mtihani kuanzia 2025, na ilitangazwa kabla ya msimu kufunguliwa. Ndiyo maana jumla ya juu imeshuka kutoka 3600 hadi 2700: sehemu tatu zinazojumlishwa, kila moja kikomo 900 (ile ya maamuzi ya kikazi haimo kwenye jumla). Mchoro wa maendeleo yangu kwenye mfumo wao ulikuwa bado unaishia 3600, kwa hiyo kila nikijipima naonekana niko chini ya nusu ya ngazi, roho inakwenda mbio, na pembeni kuna kitufe chekundu: "Ongeza vipindi vya mtu mmoja mmoja."

Niliwaandikia. Jibu lilikuja baada ya siku tano: mazoezi ya maumbo "yananoa ubongo kwa ujumla". Sawa. Hata kufuma mkeka kunanoa ubongo, lakini sikulipia kufuma mkeka.

Sasa tuje kwenye hizo 650, maana ndizo zilizonitoa machozi ya hasira. Siku ya kwanza kabla ya somo lolote walitupa mtihani wa kupima uwezo. Sikuwa najua hata namna ya kufungua kikokotoo cha kwenye skrini, sikujua vitufe vya njia ya mkato, na maswali yalikuwa magumu kuliko kitu chochote nilichokuja kukutana nacho baadaye. Nikapata 1540. Siku tatu mbele, kabla sijahudhuria darasa hata moja, nikafanya mtihani wa mazoezi wa tovuti rasmi. 1830. Ndani ya siku tatu nimepanda 290 bila kufundishwa na mtu, nimezoea tu skrini na maswali yamekuwa ya kiwango halisi. Mtihani wenyewe mwezi Agosti nikapata 2190. Wao wanapiga hesabu kutoka 1540. Ukiweka sakafu shimoni, kila mtu ataonekana ameruka juu.

Na usisahau nani anayenunua kozi hizi. Ni watu ambao tayari wana alama nzuri shuleni, wana kompyuta, wana wazazi au mama wadogo wanaoweza kulipa, na kwa kuwa wamelipa wanajifungia ndani kusoma. Watu wa namna hiyo wangepanda hata kama kozi ingekuwa ya kupiga filimbi. Ukitaka kujua kozi imesaidia kiasi gani, mlinganishe mtu huyo na pacha wake aliyefanya mazoezi saa zile zile bila kulipa. Takwimu hiyo sijawahi kuiona kwenye tangazo lolote. Wanakuonyesha waliopanda tu, na nilivyoeleza hapo juu, kutopanda ni kazi ngumu.

Kuna na dhamana ya kurudishiwa pesa. Nilidai, kwa sababu ya video za maumbo. Nikaambiwa nisome masharti. Uwe umehudhuria vipindi vyote vya moja kwa moja bila kukosa hata kimoja. Uwe umejibu kila swali kwenye benki yao ya maswali, yakiwemo ya maumbo! Halafu, sikilizeni hili, alama zako za mwisho ziwe CHINI ya zile za mtihani wa siku ya kwanza. Yaani wakurudishie kama utafanya vibaya kuliko siku ile ulipokuwa hujui kikokotoo kiko wapi. Dhamana hiyo hata mimi naweza kuitoa, kwa mtu yeyote, kwa mtihani wowote.

Kilichonisaidia nakiandika hapa kama kilivyo. Tovuti rasmi ina benki za maswali na mitihani kamili ya mazoezi, bure, kwa muonekano ule ule utakaoukuta kwenye chumba cha mtihani. Waendeshaji wa UCAT wenyewe hawajaidhinisha kampuni yoyote ya kozi. Nilikuwa nafanya seti moja kila usiku, mdogo wangu kanishikia saa na simu zetu zote mbili amezikalia. Ikifika nusu dakika anagonga meza. Mwanzoni nilikuwa namfokea, baada ya wiki mbili mkono wangu ulikuwa unahama wenyewe kwenda swali linalofuata kabla hajagonga. Kila swali nililokosa nililiandika kwenye daftari pamoja na sababu: nimesoma haraka, nimekosea kipimo, nimeamini kitu ambacho kifungu hakikusema. Hiyo ya mwisho ilijaza kurasa. Na kwa kuwa jibu baya halikatwi alama, nilijizoeza nisiache swali tupu hata mara moja. Hakuna siri nyingine. Kozi nzima ingeweza kuandikwa nyuma ya bahasha.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema kozi iliwasaidia. Binamu yangu ni mmoja wao, ila yeye alifanya MCAT ya Marekani, na huo ni mnyama mwingine. Ule unauliza baiokemia, fizikia, saikolojia na mengine, unakaa humo saa saba na nusu ukihesabu na mapumziko, na yeye alikuwa ameiacha sayansi miaka minne. Mtu wa aina hiyo kupangiwa ratiba na kufundishwa upya naelewa. Hata hivyo, mwenyewe anakiri mitihani ya mazoezi iliyomsaidia ni ya AAMC, ndio wenye mtihani, na alipokwama kwenye fizikia alirudi kwenye video za bure za Khan Academy. Kwa hiyo alilipia kusimamiwa. Kama na wewe huwezi kukaa mezani bila mtu wa kukusimamia, lipa, pesa ni zako, lakini wasikuambie wanauza mbinu.

La usaili ndilo linaloniuma zaidi, na hapa najilaumu, kwa sababu nilikuwa nimeshajua ni watu wa aina gani na bado nikachukua kifurushi cha nyongeza. Vyuo vingi siku hizi vinatumia usaili wa vituo, mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada: unazunguka kituo hadi kituo, dakika chache kila kimoja, na kila kituo mtahini wake. Kozi ikatupa majibu ya mfano. Ukisikia neno mgonjwa, taja nguzo nne za maadili ya tiba: uhuru wa mgonjwa, kutenda mema, kutodhuru, haki. Tukazikariri wote 183.

Kituo changu cha tatu kulikuwa na mama mmoja, mwigizaji, anayejifanya mgonjwa ambaye upasuaji wake umeahirishwa kwa mara ya pili. Amekasirika, mkoba ameupakata, hataki kuniangalia. Nikaanza: "Katika hali hii ni muhimu kuzingatia uhuru wa mgonjwa, na pia..." Akageuka taratibu. Akaniuliza, "Unaongea na nani?"

Nyuma yake mtahini aliandika kitu kifupi. Sijui ni nini, lakini naweza kukisia. Nilichotakiwa kusema ni "pole mama, naona umeumia, niambie imekuwaje". Hilo nililijua tangu utotoni, nikalipa pesa ili nilisahau.

Matokeo ya usaili bado. Nikipata nafasi, najua kabisa watatuma ujumbe wa nne. Mimi ushuhuda nimeshawaandikia, ndio huu, nimewatumia wote kama ulivyo, pamoja na picha: ile ya daftari langu la mishale na pembetatu. Hawajaiweka kwenye tovuti.

Swali langu kwenu, wakuu, na ndilo hasa lililonileta: nimegundua jina langu la kwanza na zile 650 tayari ziko kwenye orodha yao ya "waliofanikiwa", bila ruhusa yangu. Nimeandika mara mbili waniondoe, kimya. Kuna aliyewahi kufanikiwa kuwatoa hawa watu? Alipitia wapi?