Sampu, kanista mbili au filta ya juu: ipi inafaa tangi la lita 300 hapa Mombasa?

MbunaWaTudor

Assalaam aleikum wanajukwaa. Nimetengenezewa tangi la kioo cha milimita 10, urefu sentimita 120, upana 50 na kimo 50, yaani lita 300 likijazwa hadi ukingoni, na ninakusudia kufuga mbuna, samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Malawi. Bado halijatiwa maji. Ninalinganisha njia tatu za kuchuja: sampu, yaani tangi la pili la sentimita 90 kwa 40 kwa 40 litakalokaa kabatini chini ya lile kubwa, maji yakishukia humo kuchujwa na pampu kuyarudisha juu, kanista mbili, yaani filta za chombo kilichofungwa zinazokaa nje ya tangi, au filta ya sanduku inayowekwa juu ya tangi na kudondosha maji. Naishi ghorofani, umeme hukatika bila taarifa, na maji ninayoyategemea ni ya kisima, yakichanganywa na ya mfereji yanapopatikana. Ningependa kuwasikia hasa wanaofuga huku Pwani, kwa kuwa mengi ninayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi ambao shida yao ni kupasha maji moto.

BintiMvita

Wa aleikum salaam, kaka. Mimi ni mtu wa kanista na nitaitetea. Haina kelele, haipotezi maji kwa mvuke, haihitaji kutoboa kioo, na ukinunua mbili unaisafisha moja wiki hii na nyingine baada ya majuma kadhaa, hivyo bakteria hawapungui wote kwa pamoja.

Hata hivyo, kwa mbuna na kwa umeme wetu, kuna jambo sitalificha. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, wanahitaji oksijeni, na kanista ni chombo kilichofungwa. Maji yakisimama ndani yake kwa saa kadhaa, oksijeni huisha, bakteria huanza kufa, na uchafu ulionaswa huanza kuoza. Umeme ukirudi, maji hayo yote husukumwa kwa samaki. Mwenye kanista anapaswa kuifungua na kuisuuza kabla ya kuiwasha tena baada ya giza refu. Mbuna hupenda maji ya pH ya juu, yaani yasiyo na uchachu, na hapo ndipo amonia huwa kali zaidi: kwenye nyuzi joto 28 na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote, lakini kwenye pH 8.2 hukaribia asilimia 10. Kosa ambalo samaki wa maji laini wangelivumilia, mbuna hawatalivumilia.

FundiVioo

Dada amesema kweli, nami naongeza kwamba kwa tangi ambalo halijatiwa maji, sampu ndiyo chaguo langu bila kusita, mradi ipangwe kwa kuanzia na swali moja: umeme ukikatika sasa hivi, maji yatakwenda wapi? Watu wengi huanza kwa kuchagua mawe na sifongo, mambo ambayo yanaweza kubadilishwa siku yoyote.

Tufanye hesabu ya tangi lako. Kila sentimita moja ya kina juu ni lita 6, na kila sentimita moja ya sampu ni lita 3.6. Pampu ikizimika, maji ya juu yataendelea kushuka hadi yafike kwenye ukingo wa kufurikia, pale yanapoingilia bomba la kushukia sampuni. Tuseme yanashuka sentimita 3: hizo ni lita 18, nazo zitapandisha sampu sentimita 5. Hakuna shida. Lakini kama mdomo wa bomba la kurudishia umezama sentimita 15 chini ya uso wa maji, bomba hilo litageuka sifoni na kuyanyonya maji kinyume hadi mdomo utoke nje, yaani lita 90, au sentimita 25 za sampu. Sampu yako ikiendeshwa kwa kina cha sentimita 22 ina nafasi ya 18 tu. Lita 25 zitamwagika sakafuni na kumfikia jirani wa chini. Kwa hiyo weka mdomo karibu na uso wa maji, na utoboe tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya uso, ili liingize hewa na kuikata sifoni. Lisafishe mara kwa mara, maana mwani huliziba. Valvu ya kuzuia maji yasirudi siitegemei peke yake. Konokono mdogo au uchafu kidogo huizuia isifunge.

Kuhusu kutoboa, kioo cha kawaida hutobolewa kwa keekee ya duara yenye almasi, polepole, huku ukimwagia maji. Kioo kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu hakitoboleki. Hupasuka chote vipande vipande. Muulize aliyekutengenezea tangi kama kioo cha chini ni cha aina hiyo, na utoboe cha nyuma. Toboa matundu mawili ya kushushia maji: bomba la kwanza lijae maji na kudhibitiwa kwa geti valvu, yaani koki ya kupunguzia maji kidogo kidogo, la pili liwe juu kidogo na kavu, likisubiri siku la kwanza litakapoziba. Wafugaji huuita mtindo huu Herbie, na sifa yake kubwa ni ukimya.

KaskaziNaKusi

Mzee Fundi, je, wale ambao hawataki kutoboa? Kuna masanduku ya kufurikia yanayoning'inizwa ukingoni na kuyavusha maji kwa sifoni. Nami nina tangi lililojaa samaki. Siwezi kulitoboa sasa.

FundiVioo

Yapo, na kwako huenda ndiyo njia pekee, lakini ujue yanavyoharibika. Mapovu yakikusanyika kwenye sifoni, maji huacha kushuka ilhali pampu inaendelea kuyapandisha. Kinga yake ni kuhakikisha chumba cha pampu hakina maji mengi kuliko nafasi iliyobaki juu. Kwa tangi la ukubwa wa lile la Tudor, chumba chenye lita 12 zinazoweza kuvutwa kitalipandisha tangi la juu sentimita 2 tu, kisha pampu itakauka. Pampu kuungua ni hasara, lakini ni afadhali kuliko mafuriko. Ubaya ni kwamba chumba kidogo hivyo hupungua haraka kwa mvuke, na utalazimika kukiongezea maji karibu kila siku.

KaskaziNaKusi

Nashukuru. Kuhusu mvuke, msimu wa kaskazi maji ya tangi hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo. Sampu iliyo wazi, ikiwa na feni ndogo inayopuliza juu ya maji, hupunguza joto kiasi, ingawa unyevu wa hewa yetu huipunguzia feni nguvu. Kanista haiwezi kukusaidia hapo. Ila ndugu wa Tudor asiyafidie maji yaliyopotea kwa maji ya kisima: mvuke hutoka, chumvi hubaki, na visima vingi vya kisiwani tayari vina chumvichumvi. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, uyatumie kwa kujazia tu. Kwa kubadilisha maji, kisima kisichozidi chumvi kinafaa, kwa sababu chokaa ya mawe ya matumbawe huyapa ugumu ambao mbuna wanaupenda.

MwanaLikoni

Filta ya juu ni nafuu na haifuriki umeme ukikatika, kwa sababu maji hurudi pale pale yalipotoka. Nimeitumia kwenye tangi la lita 100. Kwa lita 300 za mbuna ni ndogo, na huzuia taa.

MbunaWaTudor

Nimeelewa, nitachukua sampu yenye matundu mawili. Nimebakiwa na mambo mawili: pampu ya nguvu gani, na ndani ya sampu niweke nini?

FundiVioo

Maji yote yatakaribia lita 380. Mzunguko wa mara nne hadi tano kwa saa unatosha, yaani karibu lita 1,500 hadi 1,900 zinazofika juu kweli. Namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa bila kupanda, kwa hiyo kwa kimo cha mita moja na zaidi tafuta ya lita 3,000 na uangalie jedwali lake. Chumba cha kwanza kiwe cha sifongo, nene kisha laini. Cha kati ujaze mawe ya volkano yaliyooshwa vizuri. Cha mwisho pampu. Usitie samaki wote hadi vipimo vya amonia na nitriti vifike sufuri, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Na kwa kuwa mzigo wote utakaribia nusu tani, weka stendi kando ya ukuta unaobeba nyumba, si katikati ya sebule.

BintiMvita

Soketi iwe juu ya kiwango cha maji ya sampu, kaka, na kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili matone yadondoke sakafuni. Kisha, kabla ya kununua samaki hata mmoja, jaza maji, washa pampu, na uichomoe mwenyewe ukiwa na kitambaa mkononi.