Gumzo la familia: Jumatano ya 17 Desemba, majina ya ukoo wa Yesu

Shangazi, 05:38
Tumsifu Yesu Kristo, wanangu. Leo tunaingia zile siku nane za mwisho wa Majilio, tarehe 17 hadi 24, masomo yote yanapogeukia kuzaliwa kwake Bwana. Injili ni Mathayo 1:1-17. Nawaomba msiiruke. Isomeni kwa sauti, na watoto wasikie.

Neema, 06:51
Milele na milele, amina. Shikamoo Shangazi. Nimeisoma kwenye daladala. Fulani akamzaa fulani, mwanzo mpaka mwisho. Hapo natafakari nini?

Shangazi, 06:55
Marahaba mwanangu. Tafuta akina mama.

Neema, 07:02
Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria, halafu Mariamu. Watano.

Shangazi, 07:20
Sasa jiulize kwa nini hao. Sara hayumo, Rebeka hayumo, Raheli hayumo, wale tunaowasifu kwenye harusi. Mathayo kamweka Tamari, mjane aliyenyimwa haki yake na baba mkwe wake, Yuda, mpaka akajifunika ushungi na kuketi njiani. Yuda mwenyewe alikuja kukiri: "Yeye ni mwenye haki kuliko mimi." Kamweka Rahabu, kahaba wa Yeriko, wala hakuwa Mwisraeli. Kamweka Ruthu, Mmoabu, na Kumbukumbu la Torati 23 ilisema Mmoabu asiingie katika mkutano wa Bwana! Huyo Mmoabu ndiye aliyeokota masazo ya shayiri mashambani Bethlehemu, akamzaa Obedi, babu yake Daudi. Bethlehemu hiyo hiyo tunayoiimba Noeli. Na yule wa Uria, Mathayo hakuandika jina lake, kaandika la mume aliyeuawa kwa amri ya mfalme Daudi. Mimi naamini alifanya hivyo ili dhambi ya mfalme isifichwe.

Shemeji wa Rungwe, 07:41
Bwana asifiwe, familia. Sisi Wamoravian asubuhi tunaanza na neno la siku, yaani mistari ya Biblia iliyopangwa kwa kila siku. Utaratibu huo ulianzia Herrnhut, Ujerumani, 1728, na kitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Neno la Agano la Kale hupatikana kwa kura, kwa hiyo hakuna mtu anayejichagulia yanayompendeza. Nyinyi Wakatoliki kalenda yenu ya masomo inafanya kazi ile ile. Leo imewaletea majina, basi mnayasoma majina.

Shangazi, 07:44
Amina Shemeji. Karibu sana kwenye tafakari zetu.

Kaka Mkubwa, 08:10
Shikamooni wakubwa. Shangazi, umenifikisha kwenye jambo letu. Ule mchoro wa ukoo wa kugawa kwenye mkutano wa tarehe 26 nimeumaliza, na una wanaume watupu, kama alivyouacha marehemu Babu kwenye daftari lake. Akina mama tuwaingize?

Baba Mdogo, 08:26
Mila ni mila. Sisi tunahesabu kuumeni. Tukianza kuandika kila mwanamke, mchoro utajaa ukuta mzima. Na wale ambao hawakuolewa, tutawaweka upande gani?

Dada Tumaini, 09:03
Shikamoo Baba Mdogo. Wale ambao hawakuolewa ni mimi. Mwanangu yuko darasa la tatu, na kwenye madaftari yake anaandika jina la Babu. Naomba kujua, kwenye mchoro yumo au hayumo?

Shangazi, 09:15
Yumo.
Wote fungueni mstari wa 16. Akamzaa, akamzaa, akamzaa, halafu ukifika kwa Yusufu neno hilo linakoma. "Yakobo akamzaa Yusufu mumewe Mariamu aliyemzaa Yesu." Hakuna palipoandikwa kwamba Yusufu alimzaa Yesu. Kesho tutamsoma Yusufu akiambiwa ampe mtoto jina na kumchukua Mariamu, na ni kwa kumpokea hivyo Yesu anahesabiwa mwana wa Daudi. Vizazi vyote vile, tangu Ibrahimu, vinamfikia Bwana kupitia mwanamume aliyekubali kuitwa baba wa mtoto asiyemzaa. Kama Yusufu angesema mila ni mila, ukoo huu ungeishia wapi?

Shemeji wa Rungwe, 09:18
Amina, amina.

Baba Mdogo, 10:34
Marahaba Tumaini. Sikukukusudia wewe, mwanangu. Mtoto yule ni mjukuu wangu, na aandikwe.
Nimesoma Mwanzo 38 yote, habari za Tamari. Sura hii sijawahi kuisikia ikisomwa kanisani. Kuhusu akina mama wengine bado nasema Bibi aulizwe kwanza, mchoro ni wa wazee.

Dada Tumaini, 10:36
Asante Baba Mdogo. Mungu akubariki.

Osmundi (Peramiho), 11:20
Niko na Bibi hapa uani, nimemsomea ujumbe wote. Ananitajia, mimi naandika: "Mama yangu alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa msichana. Hapa walimwita mgeni mpaka alipokuwa na wajukuu. Mwandikeni yeye kwanza, halafu mimi, halafu ninyi wengine."

Neema, 11:22
Mimi sikulijua hilo kabisa. Bibi hajawahi kutuambia.

Osmundi (Peramiho), 11:25
Anasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Baba Mdogo, 11:31
Bibi amesema. Imekwisha.

Kaka Mkubwa, 11:40
Nimepokea. Kila mmoja anitumie jina la mama yake na la bibi mzaa mama, pamoja na kijiji walikotoka. Mwisho Ijumaa usiku, mchapaji anafunga kazi Jumamosi. Osmundi, jina la mama yake Bibi naomba mlihakikishe herufi kwa herufi. Lile la kwao, pamoja na la ubatizo.

Shangazi, 12:05
Jioni kwenye Masifu tunaanza zile antifona saba, viitikio vifupi vya kumwita Bwana aje, leo "Ee Hekima", hadi "Ee Emanueli" tarehe 23. Walio karibu waje nyumbani tusali pamoja. Kesho ni Yeremia 23:5-8 na Mathayo 1:18-24. Baba Mdogo, tafakari ya kesho naomba uiandike wewe.

Baba Mdogo, 12:17
Nitaandika.