Harufu ya bangi: ina kazi mwilini au ni maneno ya muuza duka?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Nipo Denver, jimbo la Colorado, ambako maduka yanawauzia bangi watu wazima kihalali tangu Januari 1, 2014. Mimi situmii, ila Jumamosi nilimsindikiza mwenzangu wa kazini. Kijana wa kaunta hakumuuliza anataka yenye nguvu kiasi gani. Alimfungulia vichupa anuse kimoja kimoja, kama muuza marashi: hii ina mirsini, itakulaza, hii ina limonini, itakuchangamsha.

Vitu hivyo huitwa terpini, mafuta mepesi yanayoupa mmea harufu yake. Wala si mali ya bangi peke yake. Limonini imejaa kwenye ganda la chungwa, mirsini imo kwenye mchaichai na embe, kariofilini kwenye pilipili manga na karafuu zetu za Pemba.

Msimamo wangu: lebo iandike kilichomo na kipimo chake, lakini ipigwe marufuku kuahidi usingizi au furaha mpaka ahadi hiyo ipimwe kwa watu. Karibuni mnipinge.

WA TANGA
Mkuu, umekurupuka. Mwaka 2008 mtafiti Jürg Gertsch na wenzake walionyesha kwamba kariofilini inashika CB2, kipokezi (yaani kama mlango wa seli wa kupokea kemikali) ambacho ni mojawapo ya vile vinavyoshikwa na THC, kemikali ya bangi inayolewesha. Mwaka 2011 daktari Ethan Russo akaandika makala ndefu akitetea kwamba terpini na THC hufanya kazi kwa kusaidiana. Bibi yangu alikuwa akitupa chai ya mchaichai tulale, na tulikuwa tunalala. Unataka maabara ikuthibitishie bibi?

MLETA MADA
Bibi namheshimu, shikamoo yake. Lakini CB2 vipo zaidi kwenye seli za kinga. Stimu inatokana na CB1, vilivyo kwenye ubongo. Kwa hiyo habari ya kariofilini inaweza kutupeleka kwenye uvimbe na maumivu, haitupeleki kwenye usingizi. Russo naye alikusanya hoja, hakufanya jaribio la kuwapa watu na kuwapima. Mwaka 2019 watafiti wa Australia walichukua terpini sita za kawaida wakazijaribu kwenye seli zenye vipokezi hivyo viwili. Hazikubadilisha kazi ya THC hata kidogo.

WA PEMBA
Kwetu karafuu zikianikwa njia nzima inanukia (harufu kubwa pale ni ya yujenoli, kariofilini inafuata nyuma). Sijaona mtu kachangamka zaidi ya siku ya malipo. Na wale wanaosema ule embe kwanza ndipo bangi ikolee, msimu wa maembe si Tanga nzima ingekuwa imesinzia?

WA TANGA
Kejeli si hoja, ndugu yangu. Seli kwenye kisahani si mtu. Terpini inaweza kupitia mlango mwingine kabisa, si lazima CB1.

MFAMASIA
Hapo wa Tanga yuko sahihi, na jaribio la watu lipo. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 20 waliovuta mvuke wa THC na limonini kwa vipimo tofauti. Limonini peke yake haikutofautiana na mvuke mtupu. Ila walipovuta miligramu 30 za THC pamoja na miligramu 15 za limonini, wasiwasi na ile hali ya kuhisi unaandamwa vilipungua, ukilinganisha na THC hiyo hiyo peke yake.

Kabla hamjashangilia: kipimo hicho cha juu kilijaribiwa kwa watu 12 tu. Tena limonini ilikuwa nusu nzima ya THC. Kwenye ua la kawaida la bangi huwa kidogo mno kuliko hapo.

Na jambo la bibi lisipite hivi hivi. Bibi alichemsha mchaichai mkanywa, hakuuingiza mapafuni mwenu. Mwaka 2017 watafiti wa Portland State University walionyesha kuwa terpini zikipashwa moto mkali zinatoa methakrolini na benzini, kemikali zenye sumu. Mwaka 2019 Marekani ikapata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa wavuta mvuke: hadi Februari 2020 watu zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa au kufa, waliokufa wakiwa 68. Mshukiwa mkuu hakuwa terpini, alikuwa asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye mafuta ya bangi. Lakini nayo ilikuwa kitu ambacho watu hukimeza na kujipaka bila shida.

WA PEMBA
Kwa hiyo hata kipimo kwenye lebo hakitoshi, inabidi waandike na joto.

WA TANGA
Nakubali kuhusu mapafu. Marufuku ya maneno bado naikataa. Mnunuzi ni mtu mzima, na duka likinyamaza ataenda kuuliza mtaani, ambako ataambiwa uongo mkubwa zaidi.

MLETA MADA
Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote humu, na sina jibu lake zuri. Ila fikiria: mtu ameambiwa kaunta kwamba atalala. Akilala, aliyemlaza ni mirsini au ni yule kijana?

Leo kazini nimemuuliza mwenzangu. Anasema alilala fofofo. Nikamuuliza hatimaye alinunua kichupa kipi. Hakumbuki.