Nzi mwenye milia ya njano katika kunde: ni spishi gani?

Mkulima_Moro: Habari za leo, wanajukwaa. Katika kunde zangu hapa Morogoro, katikati ya vidukari weusi waliojazana kwenye vikonyo, nilikuta buu wa kijani asiye na miguu, aliyechongoka upande wa kichwa, akimkamata kidukari, akimwinua juu na kumfyonza hadi ikabaki ngozi tupu. Niliweka mabuu watatu kwenye chupa pamoja na majani yenye vidukari. Wakageuka mabundo yenye umbo la tone la maji, na jana wametoka nzi wenye milia ya njano na nyeusi. Picha za intaneti zinanipeleka kwa Episyrphus balteatus. Je, ndiye?

Bustani_Yangu: Mimi ningedhani ni nyuki wadogo.

Mpenda_Wadudu: Nyuki ana mabawa manne, hawa wana mawili, rangi ya nyuki ni ya kuwatishia ndege tu. Ndugu Mkulima, balteatus ni wa Ulaya, Asia na Afrika ya Kaskazini, na alama yake ni mstari wa pili mweusi, mwembamba kama masharubu, kwenye pingili ya tatu na ya nne ya tumbo. Kwa kunde za huku ningemfikiria kwanza Ischiodon aegyptius, aliyeenea sana Afrika. Tazama kama ubavu wa kifua una mstari wa njano ulio wazi, kisha mtafute dume, yaani yule ambaye macho yake yamekutana utosini, umgeuze chali: kwenye kipingili kidogo kinachotangulia paja la mguu wa nyuma, dume wa Ischiodon ana mwiba mrefu. Rangi peke yake hudanganya, kwa kuwa nzi wa jamii hii wanafanana mno.

Mkulima_Moro: Nimetumia kioo cha kukuzia. Dume ni mmoja, na mwiba anao. Majike wawili hawana, ila mstari wa ubavuni wanao wote. Shida ni jirani yangu, ambaye amekwisha kuchanganya dawa ya kunyunyizia.

Mpenda_Wadudu: Basi ni Ischiodon. Mwombe jirani kwanza akague majani: mayai ni meupe kama punje ndogo sana za mchele, hutagwa moja moja kando ya vidukari, na dawa nyingi za kuua wadudu hazimbagui buu na kidukari.