Naomba ushauri: mdogo wangu aliumia kichwa, sasa anachora nusu tu ya picha
Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu, miaka 27, ni mchoraji wa Tingatinga hapa Dar. Miezi 7 iliyopita alipata ajali ya bodaboda, akaumia ubongo upande wa kulia. Anaongea vizuri, anatembea na fimbo, ila mkono wa kushoto bado mzito.

Mwezi uliopita nilimrudishia brashi na rangi. Akachora twiga: jicho moja, sikio moja, madoa yamepangwa kama zamani, lakini upande wa kulia tu. Kushoto kweupe. Nikamuuliza, akasema amemaliza. Hata sahani ya wali anaacha upande huo. Daktari alisema macho ni mazima, ubongo ndio hauujali upande wa kushoto.

Mtaalamu wa fiziotherapia alishauri tuchore mstari mwekundu ukingoni kushoto, auguse kabla ya kuanza. Unasaidia, ila mpaka akumbushwe. Dakika 20 zikipita kichwa kinamuuma, anachana karatasi. Na jamani, hizo dakika 20 ndizo namwona ni yeye.

Mliouguza mtu wa hivi, mlifanyaje aukumbuke upande huo mwenyewe? Na muda nimwongezee taratibu, au nibaki kwenye dakika 20? Natanguliza shukrani.